Nafasi ya Ochola

Ochola alishuka kwenye gari la Meja akiwa na tai shingoni na viatu vyeusi visivyo na kamba.

Ng'ambo ya barabara, nyuma ya magunia ya chumvi ya soko la Kikuubo, Kamis aliviona na roho ikamuuma. Wiki ya pili hii alikuwa akija kuchungulia. "Hata kamba za viatu amezidharau," alijisemea. "Ndiyo fasheni ya mabosi."

Wote wawili walisoma biashara Makerere, darasa moja, chumba kimoja. Likizo ile kila mwanafunzi alitakiwa kufanya mafunzo kazini, na asiyepata mahali angerudia mwaka. Tangu Wahindi wafukuzwe, kampuni zilizobaki mjini zilikuwa chache, na kwa Meja, aliyegawiwa duka la jumla la vitambaa, nafasi ilikuwa moja tu. Akapewa Ochola. Mkenya! Kamis, mtoto wa askari na mwana wa nchi hii, akabaki bwenini akihesabu boriti.

Toka siku ya kwanza Ochola hakurudi kulala chumbani. Vitabu, ndala, shati lake jingine, vyote aliviacha kama takataka. Na ule mkanda wenye bizimu ya shaba aliotumiwa na kaka yake kutoka Kisumu, ambao Kamis aliumezea mate mwaka mzima, haukuonekana tena kiunoni. Siku hizi Ochola alitembea mkono mmoja mfukoni, taratibu, kama mtu mwenye dunia yake. Askari ndiye aliyemfungulia mlango wa gari. Askari! Baba yake Kamis alilitumikia jeshi mpaka akazeeka na hakuwahi kufunguliwa hata mlango wa jikoni.

Kamis alishindwa kuvumilia. Alivuka barabara, akaingia dukani, akamwendea Safinah, msichana aliyeuza vitambaa.

"Huyu rafiki yangu amepewa nyumba wapi?"

Safinah alikikunja upya kitambaa alichokwisha kukikunja. "Analala Makindye, bwana. Kwa Meja."

"Na chakula?"

"Kwa Meja vilevile."

Makindye, kilimani, kwenye upepo! Kamis alimeza mate machungu.

Ochola aliinua macho kutoka mezani kwake. Alikuwa amekonda kidogo. Labda ndivyo kazi ya heshima inavyomfanya mtu. "Rudi chuoni, Kamis," alisema kwa sauti ya chini. "Hapa hakuna nafasi. Tafadhali, usije tena."

Choyo kitupu! Kumbe mtu akishashiba ndivyo anavyowasahau wenzake. Kamis alitoka bila kuaga.

Kesho yake asubuhi alipiga pasi shati, akafunga tai. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji, naye akazitia. Alichomoa kamba za viatu, akautupa mkanda wake kitandani, akajitazama kiooni huku mkono uko mfukoni. Alipendeza. Alifanana na mtu mwenye kazi. Akashika njia ya Makindye kwenda kumwona Meja mwenyewe, amweleze kwamba yule Mkenya anafaa kubadilishwa.

Geti lilikuwa la bati, refu, na askari wawili mbele yake. Kamis alikuwa na akili zake: waombaji kazi hufukuzwa getini, basi yeye asingeomba.

"Wewe nani?" aliuliza askari mmoja.

"Mwanafunzi wa biashara. Mimi ni mtu wa Meja."

Askari aliitazama tai. Akatazama kiuno, kisha viatu, na hapo akatabasamu na kumgeukia mwenzake. "Kweli, huyu iko mtu ya Meja. Nani nafungulia yeye?"

"Nimekuja mwenyewe," alisema Kamis, kifua mbele.

"Mwenyewe!" Askari alimshika mkono, kwa nguvu zaidi kuliko Kamis alivyotarajia. "Basi ingia. Mwenzako iko kazi. Yeye narudi jioni."

Walimvusha ua hadi kwenye mlango wa chuma wenye komeo kwa nje. Kando ya mlango, kwenye msumari, katikati ya fungu la kamba za viatu, ulining'inia mkanda wenye bizimu ya shaba.

"Lete tai," alisema askari, mkono ameunyoosha. "Nakupa tena asubuhi, ya kwenda kazi."