Chupa

Tangu chatu ajivue gamba, mtunza nyoka alikuwa habanduki kando ya sanduku lake, maana gamba likitoka, mayai hayako mbali. Mwaka jana alichelewa kuyatoa, yakakauka yote.

"Tuone nani atatangulia, wewe au mwenzako," mumewe alimtania, akilitazama tumbo lake lililokwisha kushuka.

Alasiri hiyo mtunza nyoka alilaza kiganja ndani ya sanduku, juu ya majani mabichi. Chatu akajinyonganyonga taratibu kama anayeota, na yai jeupe, laini kama ndewe ya sikio, likatua mkononi mwake.

Hapo hapo maji ya vuguvugu yakamteremka miguuni.

"Mume wangu," aliita kwa upole, bila kuutikisa mkono, "chupa imepasuka."

"Usije ukakanyaga vipande," sauti ikajibu kutoka chumba cha pili. "Naleta ufagio."