Kofia ya Kampuni

Mkurugenzi alitetemeka mkono kila alipotazamwa. Akiwa peke yake alivuta mstari chini ya dari ukanyooka kama uzi. Akitokea mtu nyuma yake, hata mtoto wa jirani, brashi ilicheza ngoma na mstari ukawa nyoka. Na mashindano ya kupaka rangi yalikuwa Jumapili, mbele ya majaji.

Hakuwa mkurugenzi wa kitu chochote. Alikuwa binti wa miaka kumi na tisa aliyelelewa na mjomba wake, fundi rangi, na jina hilo alipewa na mtaa kwa sababu ya kofia yake iliyopauka. Kofia ilikuwa ya Kampuni. Alisema "Kampuni" hivyohivyo, kana kwamba nyingine zote zilishafungwa. Rangi zao alizijua moja moja kama mtu anavyowajua ndugu zake, na tangazo lao la redio likianza, nyumba nzima ilitakiwa kunyamaza.

"Hao hata hawakujui," mjomba alimwambia.

"Watanijua Jumapili. Mshindi anaingia kwenye familia ya Kampuni. Wamesema wenyewe."

"Familia. Na mshahara wamesema?"

"Mjomba, mbona unapenda kuharibu?"

Mjomba hakuharibu. Kila jioni ya wiki hiyo alimsimamisha mbele ya ukuta wa uani, akakaa nyuma yake juu ya ndoo, akamtukana kwa adabu.

"Mstari huo umelewa? Huyo anayepanda hapo ni mchwa au ni wewe?"

Mkono ukitetemeka alimwambia, "Usipigane nao. Tafuta kitu cha kuchekesha hapo ukutani, ucheke. Kisha toa pumzi, uvute. Mtu hawezi kucheka na kuogopa kwa mpigo."

Mjomba mwenyewe alikuwa na furaha siku hizo. Tangu mwaka uanze alikuwa akipaka mageti na makaburi, na sasa amepata kazi ya maana: ghorofa nzima. Ameshaipima, anaanza Jumatatu.

"Wapi, mjomba?"

"Sisemi. Ukiitaja kazi kabla hujaishika, mwenye miguu mirefu anaiwahi."

Kazini hakuwahi kumpeleka. Alisema saiti ina midomo michafu kuliko ndoo zake. Lakini Jumamosi jioni alimkabidhi brashi yake ya kuvutia mistari, ile ambayo hata vijana wake wa kazi hawakuruhusiwa kuiosha.

Kesho yake basi la Kampuni liliwazoa vijana ishirini na nne barabara kuu, likawashusha kwenye jengo jipya lililonuka saruji. Jaji mkuu alikuwa bwana mwenye tai, na viatu ambavyo havijawahi kudondokewa na tone la rangi. Akatoa hotuba. Kampuni inawaamini vijana. Kampuni ni familia. Kila mmoja achukue chumba chake, apake mara mbili, amalize kabla ya jua kuzama.

"Na msisahau nyuma ya mlango," alisema, "na ndani ya makabati."

"Umesikia? Hadi ndani ya makabati," Mkurugenzi alimnong'oneza mwenzake kwa fahari. "Ndiyo maana wamekuwa wakubwa."

Bwana mwenye tai alipoingia chumbani kwake, mkono ukaanza. Mstari ukapinda. Tone likamdondokea juu ya kofia. Bwana akakohoa, akaandika kitu. Machozi yakamlengalenga binti wa watu, akageuza uso ili asionekane, na hapo akakiona: kando ya mlango, mtu alikuwa amechora kwa penseli vidole vitatu, mguu wa kuku kabisa.

Akamwazia kuku mwenye tai, akipanda ukuta kwenda kukagua dari. Akacheka, tena kwa sauti. Akatoa pumzi. Akavuta.

Mstari ulitoka kama umekatwa kwa kisu. Jaji alisimama pale akachoka, akaondoka, na Mkurugenzi hakujua ameondoka saa ngapi. Alizimaliza kuta zote nne, mguu wa kuku akaufunika mara mbili, kisha akaingia kabatini na tochi ya simu.

Alishinda. Walimpigia makofi, wakampiga picha akishikana mkono na bwana mwenye tai, wakamvisha kofia mpya. Kuhusu kuingia kwenye familia, walisema watampigia simu.

Alipofika nyumbani mjomba alikuwa ameshalala ili awahi kazi. Alfajiri aliondoka na vijana wake wanne na ngazi mbili. Saa nne asubuhi ngazi zilikuwa zimerudi.

Mkurugenzi alimkimbilia uani, kofia kichwani. "Mjomba, shikamoo. Nimeshinda."

"Marahaba, mpwa wangu. Hongera." Mjomba akakaa juu ya ndoo.

"Mbona umerudi mapema?"

"Imeshapakwa. Ghorofa nzima, jana, kwa siku moja. Msimamizi wa jengo anasema Kampuni imewapakia bure, rangi na kazi ya mikono. Nikamwambia haiwezekani, nimepima mwenyewe, kila chumba nimeacha alama yangu kando ya mlango, mguu wa kuku. Tukaingia kutafuta. Hakuna hata mmoja." Akafuta uso kwa kiganja. "Hadi ndani ya makabati wamepaka. Na kuna chumba kimoja, mistari yake ya dari… Huyo kafundishwa na fundi."

Akaitazama ile kofia, kisha akaanza kuhesabu kwa vidole, polepole, kama mtu anayepima ukuta. Vyumba ishirini na vinne. Vijana wanne waliorudishwa makwao. Kodi ya nyumba, miezi mitatu. Na upande wa pili, kofia moja.