Mafuta ya Bi Mkubwa

Vidole vyake vilikuwa vinafungua nati ambayo haikuwepo.

Kijana alikaa kwenye benchi la korido ya hospitali, akiirudia kazi yake hewani. Anafungua. Anamimina. Anakaza. Kila akifika pale kwenye kumimina, mikono inasita.

Mama yake, aliyekaa kando yake na chupa ya chai mapajani, akamshika viganja. "Tulia, baba. Watu wanatuangalia."

Pikipiki ilikuwa ya mjomba wake, kaka wa mama. Ya Kiingereza, kongwe kuliko mama mwenyewe. Mjomba aliiita Bi Mkubwa, na mkewe alishakubali yaishe kwamba kaolewa mke wa pili. Ila Bi Mkubwa alikuwa na kasoro. Ukikamata breki, anainama mbele kama mtu anayetafuta sindano, halafu anainuka kwa kuruka. Shokapu zake za mbele zilikuwa za kizamani mno.

Kijana alikuwa fundi, na mjomba ndiye aliyemfundisha kazi. Aliziwekea zile shokapu vali mpya za ndani, zinazoyapitisha mafuta polepole ili springi isirudi juu kwa pupa. Alifanyia kazi hiyo nyuma ya jiko la mama yake, naye mama akawa anapita na kurudi, anasimama, anauliza hiki cha nini na kile cha nini, anasonya, anaondoka.

Mama hakutaka pikipiki hata ya kwenye kalenda. "Chuma hakina mama," alizoea kusema. "Wewe unaye."

Kijana alipanga kuijaribu mwenyewe asubuhi. Mjomba akamuwahi. Alikuja kijana bado kalala, akawasha, akatoka na Bi Mkubwa wake kama bwana harusi. Kwenye mteremko wa sokoni palikuwa na shimo.

Simu ilipopigwa, kijana alikimbilia jikoni kumwambia mama kwamba mjomba kaanguka na pikipiki.

"Iliwakaje?" mama akauliza.

Kisha akakaa chini sakafuni, chungu kikiungua, asikiinue. Mshtuko humfanya mtu aseme lolote.

Ile pikipiki iliporudishwa, kijana aliifungua mbele. Shokapu zilikuwa kavu. Nati zimekazwa sawasawa, hakuna palipovuja, na ndani hamna mafuta. Na shokapu isiyo na mafuta ni springi tupu: ikipiga shimo inadunda, inadunda tena, mpaka imtupe aliye juu yake. Ndipo akakumbuka kwamba katikati ya kazi ile alikuja mteja wakapiga soga. Basi alikaza nati bila kumimina. Angekuwa amefanya nini kingine?

Mjomba mwenyewe hakuwa na habari. Alilala mguu umening'inizwa, akitania wauguzi. "Nilimkimbiza Bi Mkubwa kwenye mteremko, akakumbuka kwamba ana talaka yake mkononi," alisema. "Kosa langu. Uzee na mbio wapi na wapi." Aliacha kucheka pale tu daktari alipomwambia goti lile halitakunjika tena.

Kijana akainuka kwenye benchi.

"Unakwenda wapi?" mama akauliza.

"Kumwambia mjomba."

"Kumwambia nini?"

"Kwamba nilisahau mafuta. Nimelemaza mtu, mama, na bado ananiita fundi wake mbele za watu."

"Yeye mwenyewe kasema kosa ni lake. Liache hapohapo."

"Kasema kwa kuwa hajui. Mimi najua. Silali, chakula hakipiti." Akafuta uso kwa mkono wa shati. "Nikishamwambia, spana zake namrudishia. Pikipiki sigusi tena, wala siipandi. Nitatafuta kazi nyingine, hata ya kubeba mizigo. Mikono inayosahau isishike roho za watu."

Alisubiri mama ashukuru. Miaka yote hiyo mama aliomba kusikia neno hilo hilo, ameliomba kwa machozi, ameliomba kwa kununa, amemtuma shangazi, amemtuma jirani. Sasa limetoka lenyewe, bila kusukumwa.

Mama hakushukuru. Alimtazama mwanawe kuanzia miguuni hadi usoni, jinsi shati lilivyomlegea mabegani, jinsi vidole vilivyoanza tena kufungua na kukaza.

"Kaa kwanza," alisema.

"Nikikaa nitaogopa."

Kijana akafika mlangoni mwa wodi. Mle ndani mjomba alikuwa anamsimulia mgonjwa wa kitanda cha pili habari za mpwa wake, fundi ambaye hata Waingereza wenyewe wangemletea kazi. Kijana akainamisha kichwa, akashika kitasa.

Mama akamfuata upesi, akamvuta shati kwa nyuma, akasimama kati yake na mlango.

"Mafuta uliyaweka, baba, na nati uliikaza mpaka nikaifungua kwa mikono miwili," alisema. "Mimi nilidhani pikipiki isiyo na mafuta haiendi."