Nusu ya Godoro

Msafiri wa chuo alikuwa amelifunga begi na kulifungua mpaka zipu ikaanza kugoma. Shuka zilikuwemo, kufuli lilikuwemo. Lililobaki ni godoro la bwenini, na nyumbani lilikuwepo moja tu, alilolalia na pacha wake tangu utotoni.

"Tulikate," alisema pacha, yule aliyekosa nafasi chuoni, akatoka jikoni na kisu cha mkate.

Mama akachora mstari wa mkaa katikati, kisha akageukia ukutani asione.

Kisu kilizama kwenye sponji kikikwaruza. Msafiri aliketi, akasimama, akaketi tena. Ndipo akaona kisu kimeuacha mstari, kinakula upande wa yule anayebaki.

"We! Unakosea!"

"Sikosei. Wewe huko utalala na vitabu."

Akamrukia mkono, lakini vipande vilikuwa vimeshaachana. Pacha akajilaza kwenye ukanda uliobaki, bega moja likining'inia juu ya saruji, akajilazimisha kucheka.

"Unaona? Naenea. Haya, lete kamba, gari lako la chuo hilo linapiga honi."

Msafiri hakuleta kamba. Alikiokota kisu, akapiga magoti mbele ya kipande kile kikubwa, akaweka makali juu ya mstari wa mkaa.