Darasa la Alhamisi

Hii ndiyo hadithi fupi kuliko zote nilizowahi kusimulia, na ingekuwa fupi zaidi kama ningejaliwa kunyamaza.

Fundi cherehani alikuwa amebana pini tatu mdomoni mteja wake alipomwinamia sikioni.

"Mwenzangu, Alhamisi nimemwona mumeo nje ya kliniki. Kamteremsha mwanamke kwenye pikipiki, kamshika mkono kama kashika yai."

Fundi nusura ameze pini. "Mwanamke gani?"

"Sura sikuiona. Kajitanda mtandio, macho tu ndiyo yanachungulia. Kaingia kule kwenye darasa la wajawazito. Lakini mimi simo, dada. Wewe nifupishie sketi tu."

Wasiokuwemo ndio wenye habari zote.

Sketi ile ilitoka upande mmoja mrefu, upande mwingine mfupi. Fundi alikuwa na mimba ya miezi saba, ya kwanza, na sasa kila kitu kilianza kujipanga kichwani mwake kama vifungo kwenye shati.

Mama mkwe, kwa mfano. Siku nesi wa mizani alipomwambia fundi kwamba kila Alhamisi saa nane kuna darasa, njoo ujifunze kupumua, kunyonyesha na kuogesha mtoto, mama mkwe aliruka kama kaguswa na pasi ya moto.

"Darasa la nini? Darasa ni la wasio na mama. Wewe si unaye mimi?"

Neno hilo lilimchoma fundi. Mama yake mzazi alikuwa kaburini mwaka wa nne, na yapo maswali ambayo mtu hamuulizi mkwewe hata akishikiwa panga.

"Mumeo nilimzaa kwa saa tatu," mama mkwe aliendelea. "Sikupiga hata chafya. Mchana wake nikafua."

Mwezi uliopita alikuwa amemzaa kwa siku mbili. Lakini nani atamshikia mama mkwe saa?

Na mume naye! Fundi bomba yule, mbishi hata kwa redio, safari hii alisema tu, "Msikilize mama," macho yamezama kwenye sahani. Tangu lini akamkubalia mama yake upesi hivyo?

Jioni ile fundi alimtega.

"Alhamisi saa nane ulikuwa wapi?"

"Kazini. Bomba lilipasuka kwa watu."

"Kwa watu gani?"

"Watu tu." Akajikuna shingo.

Fundi akajua. Mume wake akiwa na bomba la kweli hukueleza mpaka kiungo cha mwisho, na ukitaka hukuchorea.

Tena kuna hicho kikundi cha kufuma. Kila Alhamisi mama mkwe hubeba mkoba, eti anakwenda kufuma na wenzake, na mwezi mzima hajaleta hata kitambaa cha kufunikia jagi. Basi ndiyo hivyo: mama anamfunika mwanawe. Kuna mwanamke mwingine, ana mimba kama yeye, anasoma darasa lile lile, na mama mkwe huenda kumshika mkono. Bila shaka wameshamchagulia na jina la mtoto.

Alhamisi iliyofuata fundi alizima cherehani mapema. Aende, asiende? Akienda, huenda akarudi hana mume. Asipoenda, atazaa bila kujua kuzaa, na bila kujua kama mume anaye.

"Leo unashinda wapi, mwanangu?" mama mkwe alimuuliza huku akitafuta viatu vyake.

"Nakwenda kununua vifungo, mama."

"Vizuri. Usijichoshe." Na mama mkwe akatoka, akiimba kwa pua.

Saa nane na robo fundi alisimama kwenye mlango wa darasa. Mkobani alikuwa na mkasi wake mkubwa wa kazi, na hakuweza kusema ameuleta wa nini. Ndani kulikuwa na mikeka, na ukutani picha ya mtoto kichwa chini miguu juu. Wanawake kumi walikaa duara, kila mmoja kampakata mwanasesere wa plastiki.

"Karibu, mwenzetu," alisema mkunga wa darasa, ambaye hawakuwahi kuonana naye.

Fundi alikuwa anasaka mtandio. Akauona pembeni kabisa: mwanamke kawapa wote mgongo, kainama, anapigana na nepi. Fundi akavuka mikeka, akamkanyaga mtu kidole, wala hakuomba radhi. Akamshika yule mwanamke bega, akamgeuza.

Alikuwa mama mkwe. Mwanasesere alimponyoka, akatua kwa kichwa.

"Aa, mwanangu!" Mama mkwe alijichekesha. "Hawa wameniomba nije niwafundishe. Watoto wa siku hizi hawajui kitu. Sasa mzazi kama mimi ningekataaje?"

Mkunga alicheka mpaka akajishika kiuno.

"Uwafundishe? Wiki ya tano hii, mama, na nepi bado unaifunga magotini!" Kisha akamwekea mgeni mkono begani. "Usimcheke, bibie. Humu wote tunamsomea mtoto wa kwanza, na yeye ni mmoja wetu. Anataka amfae mkwewe, na huyo mwanawe wa pekee, siku alipokwenda kumchukua kwenye kituo cha yatima, alikuwa tayari anajifunga kamba za viatu mwenyewe."