Ukili wa Dirisha la Dawa

Kila alipobonyeza jina la mgonjwa, Bi Hidaya, mtoa dawa wa hospitali, aliinamia kapu lake akasuka ukili wa mkeka. Kompyuta ya dirisha la dawa ilichelewa kujibu hata mkeka mzima ulikuwa umeshapatikana palepale, na wa pili ulikuwa njiani. Mikono ikiwa na kazi, alisema, ulimi haulaumu.

Asubuhi hiyo fundi Tunu alitoka chumba cha mitambo, vumbi limemjaa magotini.

"Jaribu sasa, mama."

Dirishani alisimama baba aliyebeba mtoto anayechemka kwa homa. Bi Hidaya alibonyeza jina, akashika ukili. Kabla hajapitisha mwaa mmoja wa ukindu, dozi ilikuwa imeshatokea kwenye skrini.

"Umefanyaje, mwanangu?"

"Kompyuta yako ni pepe, inaishi na nyingine tatu ndani ya mtambo mmoja. Kila ilipotaka kitu kwenye diski, ilipitia kwa programu ya kati, kama mkalimani. Nimemwondoa. Sasa inasema na diski bila mtu kati."

Bi Hidaya hakuelewa yote. Alimpa yule baba dawa, akamtazama akimnywesha mwanawe palepale, na machozi yakamlengalenga.

"Mungu akuweke, Tunu. Na mkeka huu nilikuwa nakusukia wewe."

"Basi nitausubiri, mama."

"Utausubiri sana! Sasa nitausuka saa ngapi?" alicheka Bi Hidaya, akimgeukia mgonjwa aliyefuata. Kapuni miyaa ilibaki imechanua, kama vidole vya mkono uliofunguliwa.