Wa Mwisho Kwenye Benchi

"Nani bado?" mlinzi aliuliza, ingawa benchi zima lilikuwa na mtu mmoja.

"Mimi," Kobe alijibu.

Alikuwa amekaa ncha ya benchi, karibu na geti, sanduku katikati ya magoti. Wengine wote walikuwa wameshachukuliwa. Tangu asubuhi alikuwa akiwapungia mkono mpaka bega likachoka, na kila gari lililotoka lilimwachia vumbi na kimya zaidi.

Mama Bweni alitoka na mabegi yake mawili. Dada yake alikuwa anamsubiri barabarani, tena kwa kelele za honi.

"Soksi umeweka?"

"Nimeweka."

"Dawa ya kuchua goti?"

"Nimeweka."

"Filimbi je? Nipe mimi hiyo filimbi."

"Sitoi."

"Haya, utajijua. Ila huko uendako usianze kuamsha watu alfajiri eti wakimbie. Ile ni nyumba ya watu." Alicheka, halafu kicheko kikamfia mdomoni. Alimtilia yai la kuchemsha mfukoni, akamshika shavu, akaondoka haraka bila kugeuka.

Nyumba ya watu. Ndilo lililokuwa likimla Kobe tangu juzi, Mama Bweni alipopiga simu huko nyumbani na kuweka sauti ya juu ili wote wasikie. Mwanamke wa nyumba ile aliuliza, "Sasa atalala wapi?" Hakuwa mbaya, masikini. Ila hakuwa mama yake, nyumba ilikuwa ndogo, na watoto wawili walikuwa tayari wamebanana chumba kimoja. Mwanamume wa nyumba alisema tu, "Tutaona." Simu ikakatika hapo. Na "tutaona" ni neno ambalo mtu anaweza kulisubiri mpaka akaota mizizi.

Ndani, mafundi wa mtu aliyeinunua shule walikuwa wanang'oa viunzi uwanjani na kuvirusha kwenye lori. Wazazi wa siku hizi walitaka watoto wa kufaulu hesabu, si wa kuruka viunzi, na wafadhili nao walipotea mmoja mmoja kama wageni wanaokwepa kuosha vyombo. Kila kiunzi kilipoanguka, Kobe alifumba macho. Alikuwa hapa tangu mwanzo. Hakuna kona ya shule hii asiyoijua gizani.

"Jamani, nafunga geti!" mlinzi alisema. Alikuwa mgeni, ameletwa na mnunuzi. "Kama hawaji, si kutoka tu?"

"Siondoki mpaka niitwe. Ndiyo sheria."

"Sheria ya nani? Shule imekufa."

Sheria ilikuwa ya benchi. Zamani, siku za likizo, mawakala wa shule nyingine walikuwa wakija getini wakijifanya wajomba, wanaondoka na wakimbiaji wazuri. Kuna msichana mmoja wa mbio fupi aliyejikuta na wajomba wengi kuliko kaka za mama yake. Ndipo ukachorwa mstari mweupe pale getini. Anayekuja kuchukua mtu sharti asimame juu ya mstari na aseme kwa sauti, kila mmoja asikie: nimekuja kumchukua mwanangu. Au mdogo wangu, au mjukuu wangu. Waheshimiwa walisema, wauza mitumba walisema. Watoto waliona haya na kujificha nyuma ya mabegi, lakini Kobe hakuwahi kuona mtoto aliyeitwa hivyo ambaye hakuinuka akitabasamu.

Na wa mwisho kwenye benchi alipigiwa makofi na wafanyakazi wote. Leo hapakuwa na mikono.

Alimkumbuka mtoto mmoja wa zamani, ambaye kila likizo makofi yalikuwa yake. Baba yake hakuwa mbali, ila alikuwa na kazi isiyokwisha, na mara zote alimkuta mtoto amelala juu ya begi. Yule mtoto hakuwa akilia. Alikuwa akichorachora vumbi kwa ncha ya kiatu, basi. Mama Bweni alikasirika siku moja, akasema umleavyo ndivyo akuavyo, mtoto unayemzoesha kusubiri naye atakuja kukusubirisha.

Kobe alimenya yai, akashindwa kulila. Hakuona sababu ya kuuficha upweke wake, maana wa kumficha hakuwepo. Pengine walikuwa wameshaona huko, na walichoona ni kwamba hapatoshi. Asingewalaumu.

Jua lilikuwa linazama nyuma ya bweni tupu. Mlinzi alianza kuvuta geti, nalo likalia kwa ule mlio ambao Kobe alikuwa akiahidi kila mwaka kuutilia mafuta.

Gari dogo likasimama nje.

Alishuka mwanamume mwenye shati la kazini, amelowa jasho mgongoni. Alimwona Kobe. Kobe alikumbatia sanduku lake, hakuinuka.

"Pita tu, bwana," mlinzi alisema, amefurahi kuona mwisho wa kazi. "Mchukue mtu wako muende."

Mwanamume hakupita. Aliinamisha kichwa, akafuta vumbi kwa ncha ya kiatu, taratibu, mpaka mstari mweupe ukaonekana. Akasimama juu yake, miguu sawasawa.

"Nimekuja kumchukua baba yangu," alisema, kwa sauti iliyowafikia mafundi uwanjani.